Kisu Kipya, Makali Hakuna

Idi ya Kuchinja iliyopita, mtaani kwetu Mbagala, mbuzi tuliyemchangia nyumba kadhaa alikaa amefungwa chini ya mwembe muda mrefu baada ya swala, huku watu wazima tukizunguka kutafuta jiwe la kunolea. Kisu tulikuwa nacho. Kilikuwa kipya, kimenunuliwa siku iliyotangulia, kimelazwa ndani ya boksi lenye dirisha la plastiki, na bapa lake liling'aa hata ungejiona uso. Kijana aliyekinunua alikitoa kwa furaha akampa mzee anayetuchinjia miaka yote. Mzee akakielekeza kwenye mwanga, akagusisha ukucha wa kidole gumba ukingoni, kisha akamrudishia.

"Mwanangu, hiki hakijanolewa. Simwekei mnyama shingoni."

"Lakini ni kipya, mzee," kijana akajibu, na ukimtazama ulijua kweli haelewi anachoambiwa.

Mzee hakubishana naye. Kila anayechinja anaijua hadithi aliyoipokea Imamu Muslim kutoka kwa Shaddad bin Aws, ambamo Mtume anamwagiza mchinjaji anoe kisu chake na ampumzishe mnyama. Agizo hilo halizungumzii upya wa kisu, linazungumzia kunoa. Basi tukabisha hodi nyumba kwa nyumba. Friji zilikuwepo, ving'amuzi vilikuwepo, kinoo hakikuwepo. Mwishowe mama mmoja akatuletea bakuli zito la kauri. Mzee akaenda nalo nyuma ya nyumba ili mbuzi asimwone, akaligeuza, akawa ananolea kwenye ule mduara wa kitako usiopakwa rangi ya kung'aa, akidondoshea maji kidogo kidogo, mpaka ukucha ulipogusa ukingo ukanaswa. Ndipo mbuzi akalazwa.

Jibu la yule kijana halikunitoka kichwani. Ni mtu mwenye mke na watoto, ana kazi yake, si mjinga. Ila anaamini kwamba kisu kikiwa kipya basi kina makali. Mimi nimelelewa na watu walioamini kinyume kabisa: kisu kikiwa kipya ndipo kinapodai kazi nyingi kuliko siku zake zote zitakazofuata. Kati ya imani yao na ya kijana huyu kuna jambo lililobadilika, na nimeona niandike ninavyolikumbuka.

Nilizaliwa kwenye kambi ya mkonge wilayani Muheza. Mkonge uliletwa nchini mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf, miche ya kwanza ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kufikia mwaka 1964 nchi ilikuwa inatoa zaidi ya tani 230,000 za singa kwa mwaka. Watu wakizikumbuka enzi zile hutaja korona, ile mashine kubwa iliyosaga majani na kuacha singa. Lakini korona haikukata jani hata moja shambani. Singa ni takribani asilimia 4 tu ya uzito wa jani bichi, kwa hiyo nyuma ya tani zile kulikuwa na zaidi ya tani milioni tano za majani, yote yamekatwa kwa mkono, jani baada ya jani, kwa kisu kifupi cha mtu aliyeinama.

Baba yangu alikuwa mmoja wao. Mkata mkonge hukata majani ya chini, huondoa mwiba wa nchani, kisha hufunga majani 30 kuwa mganda mmoja, na malipo yake yalihesabiwa kwa miganda. Saa haikuhesabiwa, jasho halikuhesabiwa. Maji ya jani yanawasha ngozi, na nyuzi zake zinakula makali upesi, kwa hiyo mkataji mwenye kisu butu alipata hasara mara mbili: alitumia nguvu zaidi kwa kila jani, na alirudi jioni na miganda michache.

Visu vilitoka stoo ya shamba. Nakumbuka siku baba alipopewa kipya, namna alivyokiweka juu ya kizingiti bila furaha yoyote. Sisi watoto tulikuwa tunaruka ruka kukiona, maana kilikuwa na mpini safi na rangi ya kiwandani. Baba akamwambia kaka yangu akishike upande wa makali na avute. Kaka akashika kwa mkono mtupu, akavuta, na hakuna kilichotokea. Kilikuwa kipande cha chuma kilichokatwa kwa umbo la kisu, basi.

Jioni zilizofuata, baada ya kula, baba aliketi nje na tupa. Alianza na tupa kwa sababu chuma kilikuwa kinene mno ukingoni, jiwe peke yake lisingemaliza wiki. Aliposhusha unene ndipo akahamia kwenye jiwe alilolitoa mtoni, akilowanisha, akipeleka na kurudisha, akigeuza upande. Mchana aliendelea kutumia kile cha zamani, ambacho kwa kunolewa miaka mingi kilikuwa kimebaki chembamba na kimepungua upana karibu nusu, na ambacho wenzake walikitamani. Kisu kipya hakikwenda shambani mpaka kilipokuwa kisu.

Jioni zile hazikulipwa na mtu yeyote. Nilipokuwa mkubwa niliuliza kwa nini hawakuwahi kulisema jambo hilo, nikaambiwa walilisema. Karakana ya shamba ilikuwa na cherehe kubwa iliyozungushwa kwa mkanda, na waliomba visu vipya vipitishwe hapo kabla ya kugawiwa. Jibu lilikuwa kwamba kunoa ni kazi ya mkataji. Kwa hiyo dakika chache ambazo kiwanda huko ng'ambo kiliziokoa kwa kutomalizia kazi zilisafiri baharini, zikapita stoo, zikageuka kuwa jioni kadhaa za mtu aliyeshinda juani. Zidisha hilo kwa kila mkataji wa kila kambi kuanzia Pangani hadi Korogwe. Tangu hapo nikiona kifaa ambacho hakijamaliziwa, huuliza nani atakayekimalizia, na atalipwa na nani.

Hata hivyo nisingependa msomaji aondoke na wazo kwamba kila chombo kinachotoka kiwandani bila makali ni dhuluma. Fundi aliyenifundisha useremala, Ngamiani mjini Tanga, alinionyesha upande mwingine wa jambo hili, na ni haki niueleze.

Alikuwa mtu wa maneno machache. Siku alipopata patasi mpya, zenye muhuri wa Sheffield, Uingereza, nilizichukua moja kwa moja nikitaka kuchimba tundu la kiungo kwenye mninga. Akanishika mkono. "Kijana, patasi mpya haigusi mbao. Inagusa kinoo kwanza." Akazilaza kwenye kinoo cha mafuta, akaanza na mgongo, si makali. Nikashangaa, maana mgongo ulionekana umenyooka. Aliponionyesha baada ya muda mfupi, niliona chuma kimeng'aa pembeni tu, katikati bado kuna mikwaruzo ya mashine: mgongo ulikuwa na bonde ambalo jicho halikuliona. Makali ni mahali nyuso mbili zinapokutana, na ikiwa uso mmoja una mabonde, huwezi kupata mstari safi hata ukinoa uso wa pili mpaka usiku.

Kisha akageukia upande wa makali. Kiwanda kilikuwa kimeuchonga kwa pembe ya digrii 25 hivi, na kuuacha hapo makusudi. Seremala ndiye anayejua anakwenda kukata nini. Kwa msonobari laini pembe hiyo inatosha. Kwa mvule au mninga makali membamba yatavunjika, kwa hiyo unayaongezea pembe kidogo kwenye kinoo, digrii 30 au zaidi. Chuma cha randa vivyo hivyo. Mtengenezaji wa Sheffield hakuwa amemwibia fundi wangu kitu. Walikuwa wamegawana kazi, mmoja huku na mwingine kule, bila kuonana, na kila mmoja alijua sehemu yake. Fundi alikuwa na kinoo, alikuwa na ujuzi, na bei aliyolipa ilikuwa bei ya chuma kizuri ambacho hakijamaliziwa.

Alinifundisha pia kutazama. Mpaka leo ni njia ninayoitumia, na haihitaji kifaa: elekeza makali juu, simama mwanga ukiwa mbele yako, tazama ukingo kwa jicho moja. Makali halisi hayaonekani, kwa sababu hayana upana wa kurudisha mwanga. Ukiona mstari mweupe unang'aa, hata uwe mwembamba kama unywele, hapo hapana makali. Kwenye kisu kibovu utauona mstari huo kuanzia mpinini hadi nchani. Na ukinoa upande mmoja kwa muda, uzi mwembamba sana wa chuma hujikunja upande wa pili. Ukipitisha kidole kwa kukipapasa kutoka kwenye bapa kuelekea nje utausikia. Uzi huo ndio dalili kwamba umefika ukingoni. Usipoondolewa, kisu kitakata vizuri kwa dakika chache kisha kitakufa, maana kilichokuwa kikikata ni uzi, nao umevunjika. Nimekuja kugundua kwamba visu vingi vipya vinavyosifiwa dukani na kulaumiwa baada ya siku mbili vina ugonjwa huu huu: mashine ilifika ukingoni, hakuna aliyeondoa uzi.

Miaka ya ruksa, enzi za Rais Mwinyi, bidhaa za nje ziliporudi madukani, mke wangu alifungua mgahawa Temeke. Visu tulivyovizoea nyumbani vilikuwa vya chuma cha kawaida, vyeusi, vinavyoshika kutu ukivisahau kwenye beseni usiku mmoja. Sasa vikaja vyeupe, visivyoshika kutu, vimepangwa kwenye kibao cha mbao pamoja na fimbo ya chuma ya mviringo. Alivinunua kwa akiba yake. Siku ya kwanza msichana aliyekuwa akimsaidia aliweka kisu juu ya nyanya, nyanya ikabonyea, akakandamiza zaidi, kisu kikateleza juu ya ganda na kuingia kwenye kidole chake cha shahada. Kisu kilichoshindwa nyanya kilimpasua mtu. Wengi hushangaa wakisikia hivyo, lakini sababu yake ni nyepesi kueleweka: kisu chenye makali huenda unakokipeleka kwa uzito wake wenyewe, na kisicho na makali huhitaji nguvu, na nguvu hiyo ikikosa njia huelekea popote.

Mke wangu akachukua ile fimbo akawa anasugua kisu kama alivyowaona wauza nyama wanavyofanya. Alisugua mpaka mkono ukauma. Fimbo ya namna ile hunyoosha makali yaliyopinda kwa matumizi. Kisu ambacho hakijawahi kuwa na makali hakina cha kunyoosha. Muuza nyama husugua mara mbili tatu na kurudi kazini kwa sababu kisu chake kimenolewa kwenye jiwe asubuhi. Kumwuzia mtu fimbo pamoja na kisu kisichonolewa ni kumpa dawa ya maradhi mengine.

Jikoni kuna jambo jingine ambalo mke wangu alilisema miaka mingi kabla ya wataalamu, kwamba vitunguu vinaliza zaidi kisu kikiwa butu. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walipiga picha za kasi kubwa za kitunguu kinapokatwa, wakaonyesha kwamba kisu butu hubonyeza tabaka la juu kwanza, mgandamizo unajikusanya ndani, na ganda linapopasuka matone yanarushwa hewani kwa nguvu na kwa wingi zaidi. Kila mama lishe aliyewahi kutengeneza kachumbari ya sherehe angeweza kuwaambia.

Kosa la visu vile vyeupe lilitoka wapi? Nilidhani ni chuma chenyewe, na wengi wanadhani hivyo hadi leo. Historia ya chuma hicho inafundisha jambo. Mwaka 1913, huko huko Sheffield, Harry Brearley alikuwa akitafuta chuma cha mitutu ya bunduki isiyolika, akapata mchanganyiko wenye kromiamu karibu asilimia 13 ambao haukushika kutu. Yeye mwenyewe alitoka katika mji wa mafundi visu, akaona haraka kwamba chuma hicho kinafaa jikoni. Mafundi visu wa kwanza waliokijaribu walikikataa. Kilikuwa kigumu kukifua na kukinoa, na Brearley akabandikwa jina la mvumbuzi wa visu visivyokata. Aliyefanikiwa alikuwa Ernest Stuart, meneja katika kiwanda cha visu, ambaye alijaribu tena na tena mpaka akapata namna ya kukipasha moto na kukipoza. Chuma kilikuwa kile kile. Kilichobadilika ni uangalifu wa mtu anayekishughulikia. Kwa hiyo ninapoambiwa leo kwamba visu vya bei nafuu haviwezi kuwa na makali kwa sababu ya chuma chake, sikubali. Chuma laini kitapoteza makali mapema, hilo ni kweli. Lakini kupoteza makali ni jambo moja na kuja bila makali ni jambo jingine.

Uthibitisho wangu ni mnoaji mmoja niliyemfahamu Kariakoo, mmoja wa wale wanaopita na baiskeli yenye jiwe la cherehe, wakiisimamisha juu ya stendi na kupiga pedali huku jiwe likizunguka mbele yao. Nilikuwa nimeanza kufundisha ufundi wakati huo, na nilipenda kusimama karibu naye nikimtazama, kwa sababu alikuwa mwangalifu kuliko wenzake. Aliniambia zamani watu walimletea visu vilivyosenea kwa kazi: vya mabucha, vya mahoteli, mikasi ya washona nguo. Siku hizi, akasema, vingi ni vipya. Akanyanyua kimoja, kibandiko cha bei kilikuwa bado kimeganda kwenye bapa.

"Mzee wangu, hawa hawaji kunoa," akaniambia. "Wanakuja kumalizia kununua."

Alinifunulia mengi kuhusu kiwanda ingawa hakuwahi kukanyaga kiwandani. Alinionyesha kisu ambacho karibu na ncha kilikuwa na doa la rangi ya samawati iliyofifia. Moto, akasema. Mashine ya kiwandani hunoa haraka, mkanda unazunguka bila maji ya kutosha, na sehemu nyembamba kabisa, yaani ukingo wenyewe, hupata joto kabla ya bapa. Chuma cha kawaida kikipata joto la nyuzi 200 hivi za Selsiasi hugeuka rangi ya majani makavu. Kikikaribia 300 kinageuka samawati, na chuma kilichokuwa kigumu kimelainika hapo. Ndiyo maana alikuwa na kopo la maji pembeni na alichovya kisu kila baada ya kukipitisha kidogo. Ndiyo maana pia, alisema, usikate tamaa na kisu kipya ambacho hakishiki makali mara ya kwanza: ukikinoa mara kadhaa, ile sehemu iliyoungua itaondoka na utakifikia chuma kizima. Nimelijaribu hilo kwenye visu vingi tangu wakati huo na nimeliona ni kweli.

Jambo la pili alilonionyesha ni unene. Alikibana kisu kwa vidole viwili nyuma kidogo ya makali na kunitaka nifanye vivyo hivyo. Ukingo unaweza kuwa na mkwaruzo mzuri wa kunolewa, lakini kama nyuma yake ni kinene, kisu kinaingia kwenye karoti nusu kisha kinaipasua kama kabari. Kuchonga bapa liwe jembamba kunachukua muda na kunatumia mawe mengi. Kuparua ukingo peke yake ni kazi ya sekunde. Kiwanda kinachobana gharama kinabana hapo. Na kipo kisingizio cha usafirishaji: makali membamba hutoboa boksi, huvunjika njiani, humkata mpangaji wa dukani. Ni hoja ya kweli kwa panga linalofungwa kwa dazeni na kupelekwa kwa mkulima mwenye tupa yake. Kwa kisu cha jikoni kilicholala peke yake kwenye plastiki iliyofinyangwa kwa umbo lake, haina nguvu.

Yule mnoaji alivitia makali visu vyote vile, vya bei ya juu na vya bei ya chini, kwa malipo madogo, akiwa na jiwe moja, kopo la maji na kipande cha mkanda wa ngozi alichokipigilia kwenye ubao. Alipomaliza alikata karatasi ya gazeti ikiwa inaning'inia mkononi. Ikiwa mtu mmoja juu ya baiskeli anaweza, kiwanda chenye umeme kinaweza.

Chuoni nilipokuwa nafundisha tuliwahi kuwa na mwalimu wa kujitolea kutoka Japani, mtu mtaratibu sana, aliyekuja na visu vyake vimeviringishwa kwenye kitambaa. Alitusimulia kuhusu mji wa Sakai, karibu na Osaka, ambako kisu kimoja hupita mikono ya watu tofauti: mmoja anafua chuma, mwingine ananoa tu, mwingine anatia mpini. Kunoa huko ni taaluma inayojitegemea, mtu huifanya maisha yake yote. Na kisu kikifika dukani, yako maduka ambayo humtilia mnunuzi makali ya mwisho palepale, kwa kadiri anavyokitaka kwa samaki au kwa mboga. Nilimwuliza kama kisu huja dukani kimenolewa kikamilifu. Akasema vingine havijafika mwisho, lakini muuzaji anakwambia, na jiwe liko nyuma ya kaunta.

Nililiweka jibu hilo pamoja na patasi za fundi wangu. Mgawanyo ni ule ule, na ni wa haki, kwa sababu ya maneno mawili matatu yanayosemwa wakati wa kuuza. Baba yangu hakuambiwa chochote. Msichana wa mgahawani hakuambiwa chochote. Kijana wa Mbagala aliuziwa boksi lenye picha ya nyama iliyokatwa vipande vyembamba vya kupendeza, na picha ni maneno pia.

Zamani ukimya huo ulikuwa na madhara machache, kwa kuwa karibu kila nyumba ilikuwa na jiwe mlangoni na mtu anayejua kulitumia. Mtoto alijifunza kunoa kwa kutumwa: "Hebu kakinoe hiki." Leo tunaishi vyumba vya kupanga, ngazi za vigae, na ujuzi ule umebaki kwa wazee na kwa wauza nyama. Kiwanda hakijabadilika sana. Kinaendelea kumwachia mnunuzi sehemu ya mwisho ya kazi, ila mnunuzi wa sasa hana jiwe, hana tupa, hana aliyemfundisha, na hajui kwamba kuna kazi iliyobaki. Anapoona kisu hakikati anadhani amenunua kibovu, anakitupa kwenye droo, anakwenda kununua kingine cha aina ile ile. Nimefungua droo za ndugu zangu nikakuta visu vitano sita ambavyo havijawahi kukata kitu hata siku moja. Fedha zimelala pale.

Wapo watakaosema makali ni jambo la mtu na mtu, hayapimiki, kwa hiyo huwezi kumbana mtengenezaji. Yanapimika. Kipo kiwango cha kimataifa, ISO 8442-5, kilichotolewa mwaka 2004 kwa ajili ya visu vya jikoni. Kisu hufungwa makali yakitazama juu, juu yake hushushwa rundo la karatasi maalumu zilizochanganywa na chembe za mchanga wa silika, likikandamizwa kwa nguvu ya nyutoni 50, kisha kisu husogezwa mbele na nyuma na mashine inapima kimezama milimita ngapi. Mizamo ya kwanza inaonyesha kimekuja na makali kiasi gani. Ikiendelea inaonyesha yanadumu kiasi gani. Vitu viwili vile vile ambavyo mnoaji wa Kariakoo alivitenganisha kwa maneno yake. Mtengenezaji anayetaka kujua kisu chake kina makali gani anayo njia ya kujua, na anaweza kuyaandika kwenye boksi mahali palipo na ile picha ya nyama.

Nawaomba wenye maduka, hasa wa Kariakoo na masoko ya mikoani ambako visu vingi hupitia kabla ya kwenda vijijini: wekeni kinoo kaunta. Kijana mmoja afundishwe. Si somo la muda mrefu, nimelifundisha kwa wanafunzi wa kila aina. Ongezeni bei kidogo kama ni lazima, mnunuzi atalipa akiona karatasi inakatika mbele yake. Na kama hamtaki kunoa, basi semeni kisu hakijanolewa, mumwelekeze mteja kwa mnoaji aliye nje ya mlango wenu. Vyuo vya ufundi na madarasa ya upishi yaanze na jiwe kabla ya mapishi.

Na wewe unayekwenda kununua kisu wiki hii, kitoe kwenye boksi kabla hujalipa. Kielekeze kwenye mwanga utafute ule mstari mweupe. Omba kipande cha gazeti, kishike kwa juu, kipitishie kisu. Kikikata, lipa. Kikirarua au kikiteleza, mwambie muuzaji akinoe au akupunguzie bei ya kunolesha, maana kazi iliyobaki ina bei, na hujakubaliana naye kwamba utaifanya wewe.